Kushusha injini ya Subaru WRX: toa pini ya klachi kwanza

Impreza WRX nyingi zenye turbo na gia za mkono (si zote) zinatumia klachi ya kuvuta: beringi yake imeng'ata preshapleti (sahani inayobana klachi, iliyofungwa upande wa injini), na uma wa klachi, ulio upande wa giaboksi, umeishika beringi. Ndiyo maana bolti zote za giaboksi zinatoka lakini injini haiachii. Usichokonoe kwa bisibisi kubwa, utapasua aluminiamu.

Toa intakula (kipoza hewa ya turbo), kisha silinda ndogo ya klachi (ifunge pembeni, pedali isikanyagwe tena). Ubavuni mwa giaboksi kuna kizibo chenye tundu la pembe sita. Kifungue kwa alenki ya milimita 10. Ndani utaona pini inayoushikilia uma, yenye tundu la nyuzi. Ingiza bolti ndefu ya M6 (unene wa milimita 6), ivute polepole hadi pini itoke, halafu inua uma uachane na beringi. Sasa injini itateleza mbele kwenye winchi.

Pini ikishika kutu, nyunyizia dawa ya kulainisha na uiache usiku kucha; ukilazimisha, M6 hukatikia ndani. Kwa gia za otomatiki hii haisaidii: huko unafungua bolti za tokikonveta (kiungo cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi) moja baada ya nyingine, ukizungusha krenki.