Kurudisha Nguvu za Misuli ya Sakafu ya Nyonga Baada ya Kujifungua

Mama anayetokwa na mkojo kila akikohoa au akiinua ndoo ya maji asidhani kwamba hiyo ni hali ya kuvumilia, kwani misuli inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa chini, ambayo hulegea kwa uzito wa mimba na kutanuka wakati wa kujifungua, inaweza kuimarishwa. Lala chali ukiwa umekunja magoti, kaza njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia hewa isitoke, kisha uvute ukazo huo mbele na juu, huku makalio na mapaja yakiwa yametulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hubana pumzi na kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Shikilia kwa sekunde 3 hadi 5, uachie kabisa, urudie mara 10, mara 3 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi sekunde 10. Usizoee kufanya hivyo unapokojoa. Ikiwa umewekewa mpira wa mkojo, subiri kwanza utolewe. Mabadiliko huja baada ya wiki kadhaa, si siku. Ukihisi uvimbe ukeni, au mkojo ukiendelea kuvuja baada ya miezi 3, mwone mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia bila kuona haya.