Gari lako likiitwa kurejeshwa kwa sababu ya usalama: la kufanya mpaka kasoro iondolewe

Mtengenezaji anapotangaza kwamba anayarejesha magari ya aina fulani kwa sababu ya usalama, maana yake ni kwamba yeye mwenyewe, au mamlaka inayomsimamia, amekwisha kubaini kasoro inayoweza kuua au kujeruhi, na kwamba ataiondoa bila kumtoza mwenye gari. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yake. Sehemu ya mwenye gari ni ndogo: kujua kama gari lake limo, kufuata tahadhari iliyotolewa, kulipeleka, na kuhakikisha kazi imefanyika kweli. Hata hivyo, ni katika sehemu hii ndogo ndipo mambo mengi hukwama, kwa sababu gari lenye kasoro ya namna hii mara nyingi huwaka vizuri, hutembea vizuri na hufunga breki vizuri, na mwenyewe haoni sababu ya kupoteza siku nzima gereji kwa ajili ya kitu asichokisikia wala kukiona.

Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani inaonyesha jinsi fikra hiyo ilivyo ya hatari. Kifaa kinachoujaza mfuko kilitumia kemikali ya amoniamu naitreti, na katika mamilioni ya vifaa hivyo haikuwekwa dawa ya kufyonza unyevu. Miaka ilivyopita, unyevunyevu wa hewa na mabadiliko ya joto viliiharibu kemikali hiyo, hata ikawa inapowashwa wakati wa ajali huungua kwa kasi kupita kiasi, chombo cha chuma kinachoibeba hupasuka, na vipande vyake humrukia dereva au abiria usoni, shingoni na kifuani. Nchini Marekani pekee iliitwa takriban mifuko milioni 67. Mwezi Juni 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilitangaza kwamba katika baadhi ya magari ya Honda na Acura ya miaka ya 2001 hadi 2003, uwezekano wa kifaa kupasuka mfuko unapofunguka ulifikia asilimia 50. Hakuna sauti wala mtikisiko uliowaonya wenye magari hayo. Kwa hiyo kauli ya kwamba gari halijawahi kuleta shida haithibitishi chochote, na mwenye gari anayeishi penye joto na unyevu ana sababu ya kuharakisha kuliko wengine.

Usisubiri barua

Barua ya mtengenezaji hutumwa kwa mtu ambaye kumbukumbu zinamtaja kuwa mmiliki. Ikiwa gari ulilinunua kwa mtu, ikiwa umebadilisha anwani, au ikiwa gari lilivuka mpaka baada ya kuuzwa mara ya kwanza, basi huenda barua hiyo inapokelewa na mtu asiyejua hata gari liko wapi leo. Ni salama zaidi kutafuta mwenyewe.

Utafutaji huanzia kwenye namba ya chesisi. Katika magari mengi ni mfululizo wa herufi na tarakimu 17, nao huonekana kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye kibandiko kilichopo ubavuni mwa mlango wa dereva, na kwenye kadi ya usajili. Namba ya mfumo huu haina herufi I, O wala Q, kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Ukijikuta umeandika mojawapo, umenakili vibaya. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya mamlaka ya usalama wa magari, au mpigie wakala aliyeidhinishwa umsomee namba nzima, kisha umwombe akujibu kwa maandishi. Usiridhike na jina la gari na mwaka wake tu. Kasoro nyingi hutokana na shehena fulani ya vipuri au kipindi fulani cha uzalishaji kiwandani, hivyo magari mawili ya jina moja, rangi moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana, moja likawa limeitwa na jingine likawa salama.

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani lina utaratibu wake. Namba yake ni fupi: msimbo wa aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Tovuti zinazodai herufi na tarakimu 17 zitaikataa, na wapo wanaoudhania ukataaji huo kuwa ni uthibitisho kwamba gari halina tatizo. Si uthibitisho wa chochote. Namba hiyo huulizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji iliyo ya Japani, na programu ya kutafsiri kurasa inatosha kukufikisha kwenye kisanduku cha kuiandika. Gari likionekana limeitwa, peleka matokeo hayo kwa wakala wa kampuni hiyohiyo mahali ulipo. Asipokubali kulihudumia kwa sababu halikuuzwa kupitia kwake, mwandikie mtengenezaji moja kwa moja, utaje namba ya chesisi na namba ya tangazo, uulize nani atafanya kazi na kwa gharama ya nani. Swali lililoandikwa lina uzito kuliko malalamiko ya mdomo kwenye meza ya mapokezi, kwa sababu kampuni ikishalipokea haiwezi kudai baadaye kwamba haikujua gari hilo lipo.

Kuna pia ujumbe wa matapeli wanaojifanya kampuni ya magari. Dalili yao kubwa ni kudai malipo au taarifa za benki. Usibofye kiungo walichokutumia. Fungua tovuti rasmi mwenyewe na uangalie namba yako ya chesisi huko.

Soma tangazo mpaka mwisho

Tangazo lililoandikwa sawasawa hueleza kasoro ni nini, inaweza kusababisha nini, itarekebishwaje, na mwenye gari afanye nini kwa sasa. Wengi husoma sehemu ya kwanza na kuishia hapo. Sehemu ya mwisho ndiyo inayokuhusu zaidi leo, kwa kuwa vipuri huweza kuchelewa kwa majuma au miezi, na muda wote huo gari linabaki mikononi mwako likiwa na kasoro yake.

Maelekezo ya muda hutofautiana kwa sababu kasoro hutofautiana, na ukiielewa sababu utayafuata kwa moyo. Mwaka 2009 Toyota iliwaambia wenye magari waliohusika waliondoe zulia la upande wa dereva, kwa kuwa liliweza kusogea na kukikandamiza kikanyagio cha mafuta. Mwaka 2014 General Motors iliita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia iliyoweza kuteleza kutoka mahali pake, injini ikazimika gari likiwa mwendoni, usukani na breki vikawa vizito, na mifuko ya hewa isifunguke ajali inapotokea. Mpango wa fidia ulioanzishwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Wakati wa kusubiri swichi mpya, wenye magari walielekezwa kuondoa kila kitu kwenye pete ya funguo na kubakiza ufunguo wa gari peke yake, kwa kuwa uzito wa funguo nyingine ulisaidia kuivuta swichi. Agizo hilo laonekana dogo mno, lakini lilikuwa limelenga chanzo chenyewe cha vifo.

Agizo la kuegesha gari nje, mbali na nyumba, lichukuliwe kwa uzito uleule. Mwaka 2021 wenye magari ya umeme ya Chevrolet Bolt waliambiwa waegeshe nje na wasichaji betri kupita asilimia 90, kwa kuwa baadhi ya betri ziliweza kushika moto. Mwaka 2023 Hyundai na Kia ziliita nchini Marekani magari zaidi ya milioni 3 ambayo kifaa cha breki kiliweza kuvuja mafuta ndani yake na kusababisha hitilafu ya umeme na moto, hata gari likiwa limezimwa. Gari la namna hiyo likilala kwenye banda lililoshikana na vyumba vya kulala, kasoro inaacha kuwa ya gari na inakuwa ya nyumba nzima.

Tangazo likisema gari lisiendeshwe, lisiendeshwe hata kwenda kwa wakala. Omba livutwe, au fundi aje lilipo, na uulize kama utapewa gari la kutumia kwa muda. Baadhi ya kampuni zilitoa huduma hizo kwa magari yenye mifuko ya Takata. Na kama kasoro iko kwenye mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, kaa bila abiria kwenye kiti hicho mpaka ubadilishwe. Usimruhusu fundi wa kawaida kuuchomoa mfuko wenyewe wala kuukata waya wake: una kilipuzi ndani, na gari lisilo na mfuko wa hewa linakuacha bila kinga ambayo bado unaihitaji.

Kulipeleka gari

Piga simu kabla ya kwenda. Taja namba ya chesisi na namba ya tangazo, uliza kama vipuri vipo, kazi inachukua muda gani, na upange siku. Kama vipuri havipo, omba uandikwe kwenye orodha ya wanaosubiri na ujue utapigiwa na nani, kisha uulizie tena mwenyewe bila kungoja kupigiwa.

Kazi hii hailipiwi, si kipuri wala ufundi. Haijalishi waranti imekwisha, wala kwamba huduma zako za kawaida umezifanyia gereji nyingine, wala kwamba wewe ni mmiliki wa tatu au wa nne. Mipaka ya umri wa gari inaweza kuwepo kisheria: Marekani, kwa mfano, haki ya kurekebishiwa bure hulihusu gari lisilozidi miaka 15 tangu lilipouzwa kwa mnunuzi wa kwanza hadi kasoro ilipobainishwa, ingawa mtengenezaji anaweza kuamua kuyahudumia na yaliyozidi hapo. Ukiwa gereji unaweza kuelezwa kwamba gari linahitaji pia kazi nyingine. Huenda ni kweli, lakini kazi hizo haziwezi kuwa sharti la kurekebishiwa kasoro iliyotangazwa, na una haki ya kuzikataa au kuzifanyia kwingine. Ikiwa ulikwisha kulipia matengenezo ya kasoro hiyohiyo kabla ya tangazo, tafuta risiti zako, kwa sababu mara nyingi mtengenezaji huweka utaratibu wa kurudisha fedha.

Si kila kasoro inahitaji spana. Magari ya siku hizi huweza kurekebishwa kwa programu mpya inayopokelewa kupitia intaneti, na hilo nalo ni tangazo la usalama kamili. Hakikisha kwenye skrini ya gari kwamba programu imemaliza kuwekwa, kwa kuwa ujumbe wa kwamba imefika haumaanishi kwamba imeanza kufanya kazi.

Usiondoke gereji bila karatasi inayotaja namba ya chesisi, namba ya tangazo, kilichofanyika au kipuri kilichowekwa, tarehe na kilomita za gari. Baada ya wiki chache rudia kuiingiza namba yako ya chesisi kwenye tovuti. Ikiwa bado inaonyesha kazi haijafanyika, yawezekana wakala hakuripoti, na karatasi yako ndiyo itakayomfanya arekebishe kumbukumbu. Dalili ileile ikirudi, mwarifu mtengenezaji na mamlaka ya usalama wa magari pia, kwa sababu uchunguzi mwingi wa kasoro huanza kwa taarifa za wenye magari waliojitokeza mmoja mmoja.

Gari lililokwisha kurekebishwa linaweza kuitwa tena. Katika suala la Takata, baadhi ya magari yaliwekewa kwanza vifaa vipya vya aina ileile, kwa kuwa kipya kilikuwa salama kuliko kilichozeeka, kisha yakaitwa mara ya pili kuwekewa vya aina tofauti. Kwa hiyo angalia namba yako ya chesisi angalau mara mbili kwa mwaka, na uiangalie pia kabla ya kununua gari lililotumika, wakati muuzaji bado ana sababu ya kulipeleka kwa wakala yeye mwenyewe. Ukiwa wewe ndiye unayeuza, mkabidhi mnunuzi karatasi za kazi zote zilizofanyika pamoja na tangazo lolote ambalo bado halijashughulikiwa, na umjulishe mtengenezaji kwamba gari limebadilisha mmiliki, ili barua ijayo imfikie anayeliendesha.