Kupanda Stawamus Chief: anza na saa ya kugeuka

Ukiishi Vancouver, Surrey au Burnaby, huku Kanada, ipo siku utarushiwa picha kwenye simu: watu wamekaa juu ya mwamba mpana wa kijivu, chini yao maji ya Howe Sound na paa za mji wa Squamish. Pale ni kilele cha kwanza cha mlima Stawamus Chief, kilomita kama 60 kaskazini mwa Vancouver kwa barabara kuu namba 99. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 4. Sisi tuliokulia Lushoto, Tanzania, tukisikia kilomita 4 tunaona ni mwendo wa kwenda sokoni. Lakini katika hizo mbili za kwenda unapanda zaidi ya mita 500. Karibu njia yote ni ngazi.

Mara ya kwanza nilikwenda na binamu yangu, mwishoni mwa mwezi wa kumi. Tulianza kupanda saa tisa alasiri. Tulifika juu vizuri, tukala, tukapiga picha, wala hatukukumbuka kwamba jua la huku haliendi kama la nyumbani. Kwetu giza huingia karibu saa moja mwaka mzima. Huku mwezi Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na mwezi Desemba linazama mapema kuliko nyumbani. Msituni giza huwahi zaidi, kwa sababu miti ni mirefu na imesongamana. Nusu ya njia tulishuka kwa mwanga wa simu moja, mizizi imelowa, binamu yangu ameshika bega langu na magoti yake yanatetemeka kila anapotafuta ngazi inayofuata kwa ncha ya kiatu. Kupanda kulikuwa kumemchosha, lakini hofu aliipata wakati wa kushuka.

Tangu siku ile kila safari ninaipanga kuanzia saa ya kugeuka. Angalia jua linazama saa ngapi siku hiyo, toa saa tatu. Ikifika saa hiyo mnageuka popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. Kama jua linazama saa kumi na mbili jioni, mnageuka saa tisa. Kupanda wape watu wa kawaida saa mbili, kushuka saa moja na nusu, na kule juu mtataka kukaa. Kwa hiyo saa tano asubuhi muwe mmeshaanza. Wikendi za kiangazi fikeni mapema zaidi, saa mbili asubuhi hivi, maana maegesho hujaa. Asiye na gari ajue kwamba mabasi ya kawaida ya jiji hayafiki Squamish. Yako mabasi ya kampuni binafsi yanayokwenda mji wa Whistler na kusimama hapo njiani.

Njia inaanza na ngazi za mbao kando ya kijito, kisha mawe, kisha mizizi. Mtakuta kibao kinachotenganisha kilele cha kwanza na vile vingine viwili. Someni, msifuate tu walio mbele yenu. Karibu na juu kuna minyororo na ngazi ya chuma iliyofungwa kwenye mwamba. Hapo subirini zamu. Mkono mmoja ukihama, mwingine na miguu yote miwili ibaki imeshika. Na wakati wa kushuka geuza uso uangalie mwamba. Mvua ikinyesha jiwe lile linateleza vibaya, nami siku ya mvua siendi. Kileleni hakuna ukuta wala kamba ya kuzuia mtu, na mwamba unainamia kwenye genge taratibu, huoni unapoanza kuwa mkali. Mtoto ashikwe mkono muda wote. Mpiga picha asirudi kinyumenyume.

Viatu viwe na soli yenye meno. Raba laini za mjini ziache nyumbani. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakugandisha ukifika kwenye upepo, kwa hiyo beba sweta na koti la mvua hata anga likiwa jeupe. Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Maji lita moja na nusu au mbili. Chakula, mimi huviringisha chapati na mayai kwenye karatasi ya jikoni, na karanga mfukoni.

Jambo moja watu wetu hawalijui: katika jimbo la British Columbia, kutafutwa na kuokolewa mlimani hakulipiwi. Ni kazi ya vikundi vya watu wanaojitolea. Nimeshamsikia mtu akisema heri ajikokote na mguu ulioteguka kuliko kuletewa bili ya helikopta. Piga 911, namba ya dharura ya huku, mapema, kabla ya giza. Gari la wagonjwa ndilo lina ada, na kwa mgeni asiye na bima ya afya ya jimbo ada hiyo ni kubwa, kwa hiyo mzazi akija kukutembelea mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege.

Na huyo mzazi usimburute kwenye minyororo. Jirani kabisa yapo maporomoko ya Shannon, mita 335, na kutoka maegesho ni mwendo mfupi. Yako pia magari ya kamba ya Sea to Sky Gondola, yanayofika hadi mita 885, juu kuliko kilele cha kwanza.

Kabla ya kuwasha gari, mtumie ujumbe mtu anayebaki nyumbani. Wangu huwa hivi: “Tupo wanne, Stawamus Chief, kilele cha kwanza. Tunaanza saa tatu, tunageuka saa saba. Nisipokupigia hadi saa kumi na moja jioni, piga 911.” Mkishafika chini, mpigie hapo hapo kwenye maegesho, kabla hamjavua viatu.