SOMO: Kukokotoa masi ya W na Z, chembe zinazobeba nguvu dhaifu, kwa kikokotoo cha kawaida

Wakuu, "mbona W yangu inatoka 77?" nimeijibu kwa vijana wa Mbeya, Iringa na Songea mpaka basi. Anayefuata aletwe hapa.

1. G ya Fermi, kipimo cha ukali wa nguvu dhaifu kwenye nishati ndogo: 1.1664 × 10⁻⁵, vizio GeV⁻². GeV ni kizio cha nishati, na hapa ndicho cha masi pia.

2. sin²θ, θ ikiwa pembe ya Weinberg, inayoonyesha nguvu dhaifu na sumakuumeme zinavyochanganyika: 0.2312.

3. Chagua α, kipimo cha ukali wa nguvu ya sumakuumeme. Hapa ndipo wengi tunachemsha, nami nimo. Ile 1/137 ya kitabuni ni ya nishati ndogo, elektroni ikitazamwa kwa mbali, chaji yake ikiwa imefunikwa na jozi za chembe zinazozuka na kupotea. Ukiisogelea kwa nishati ya Z, kifuniko kinapungua, α inapanda hadi karibu 1/128. Tumia hiyo. Ukiweka 1/137 utapata W 77.5 na Z 88.4, ukiziona namba hizo usilaumu kikokotoo.

4. Gawanya πα kwa zao la √2 na G, chukua kipeuo cha pili: 38.57 GeV.

5. Gawanya kwa sinθ, yaani 0.4808: W ni 80.2. Ukipata 167 umegawanya kwa sin²θ.

6. Gawanya tena kwa cosθ, 0.8768: Z ni 91.5.

Maabara zinapima 80.4 na 91.2. Pengo hilo ni marekebisho ya kwantamu, hayaingii kwenye somo hili.

Mdau wa Mafinga: Mkuu, Z yangu 70.
— Umezidisha. Hatua ya 6.

Mdau wa Uyole: Nimepata 77.5, somo lako lina kosa.
— Hatua ya 3. Isome yote.

Mdau wa Tukuyu: Shikamoo kaka. Kama nguvu dhaifu na sumakuumeme zina shina moja, udhaifu unatoka wapi?
— Marahaba dada, hilo ndilo swali. Jina linadanganya. Chaji ya umeme kwenye nishati hiyo ni 0.31, ya nguvu dhaifu ni hiyo gawanya kwa sinθ, 0.65, kubwa maradufu! Kinachoiangusha ni uzito wa W. Gawanya 0.1973 (namba ya kubadili GeV kuwa femtomita) kwa 80.4 upate masafa yake: femtomita 0.0025, wakati nusu kipenyo cha protoni ni 0.84. Fotoni haina masi, ndiyo maana inafika popote.

Mdau wa Njombe: G yenyewe ilipimwaje?
— Kwa uhai wa muoni, ndugu mzito wa elektroni anayevunjika kwa nguvu dhaifu: mikrosekunde 2.197. Wanashuka toka angani muda wote. Kileleni Rungwe ni wengi kuliko Kyela, maana wengine huvunjika njiani.

Mdau wa Mafinga: Sasa hatua ya 4 inanipa 0.00045.
— Mabano, ndugu yangu. Bila mabano kwenye √2 × G, kikokotoo kinaigeuza G kuwa ya kuzidisha.