Mjamzito ugenini: andika mwezi kwa jina

Kwa wajawazito mnaoishi nje, andika kwenye simu na kwenye karatasi moja ya kukaa kwenye pochi siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho (ndo wanayoanzia kuhesabu umri wa mimba), na mwezi uutaje kwa jina, yaani 4 Machi sio 4/3, maana Marekani wanaanza na mwezi kwa hiyo hiyo 4/3 yako wataisoma 3 Aprili na mimba ishapungua karibu mwezi mzima kwenye faili. Majibu ya vipimo nayo usiandike namba tupu, weka na yuniti: sukari 5.1 mmol/L ndo ileile 92 mg/dL, na wingi wa damu wa 11 g/dL kwingine unaandikwa 110 g/L, sasa nesi wa zamu ya usiku abahatishe? Grupu la damu liandike tu ila watapima upya, hawakuongezei damu kwa kuamini karatasi (na wako sahihi). Ila kama hedhi zako zinarukaruka au tarehe huikumbuki, hiyo karatasi haina msaada sana, beba picha ya ripoti ya ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo, za mwishoni hukosea zaidi umri wa mimba.