Umepata MD Bugando na KCMC? Soma hii kabla hujathibitisha

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kusoma MD, yaani digrii ya udaktari, yakitoka simu yangu haitulii. Dada nimepata Mwanza na Moshi, yaani chuo cha hospitali ya Bugando na chuo cha hospitali ya KCMC, niende wapi? Mwaka huu aliyepiga ni mtoto wa mama mdogo, kapata kote kuwili, mama yake anataka Moshi kwa sababu kuna shangazi, baba anataka Mwanza kwa sababu wao wako Geita, na yeye mwenyewe alikuwa ananiuliza wapi intaneti iko poa. Nikamwambia ngoja, kaa chini, tuongee vizuri, maana hapa unachagua miaka mitano ya maisha yako na namna utakavyokuwa daktari. Nimeamua niandike yote niliyomwambia ili na wengine msome.

Mimi nilisoma kimoja kati ya hivi vyuo na intaniship, ule mwaka wa mazoezi hospitalini baada ya chuo, nikafanya kwenye kanda ya chuo cha pili, kwa hiyo miji yote miwili nimekula chumvi yake. Sitasema nilianza wapi, nisije nikakuvuta upande wangu.

Kwanza elewa SMS yenyewe. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, inakutaka uthibitishe kimoja tu, kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu uliyoombea, unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka unaiweka basi. Dirisha lina siku zake na likifungwa limefungwa. Kila mwaka kuna mtoto wa watu analia kwa sababu aliombea kwa laini ya mtu wa steshenari na SMS imeenda huko. Kama laini sio yako itafute leo, sio kesho. Ila pia usikurupuke kuthibitisha dakika tano baada ya SMS kuingia, siku hizo chache ulizopewa ndo za kufanya kazi ninayokupa hapa chini.

Sasa, watu wengi wanalinganisha vitu ambavyo havina tofauti. Wanauliza kipi kikubwa, kipi kina jina. Jamani hizi hospitali ni kama mapacha. Zote zilifunguliwa 1971, zote ni za rufaa za kanda, zote ni za kanisa zinazofanya kazi na serikali, Bugando ya maaskofu wa Katoliki na KCMC ya shirika la Msamaria Mwema chini ya KKKT, kanisa la Kilutheri. Chuo cha Moshi kilianza 1997, cha Mwanza 2003. Waislamu wanasoma kote, Walokole wanasoma kote. MD ni miaka mitano kote, halafu mwaka mmoja wa intaniship, halafu Baraza la Madaktari linakusajili na hakuna mgonjwa atakayekuuliza ulisomea mlima au ziwa. Kwa hiyo hilo la jina liweke pembeni kabisa.

Tofauti inaanzia wodini. Miaka ya mwanzo mko darasani na maabara, anatomia, fiziolojia, bayokemia, na humo ukweli ni kwamba popote ulipo unabukua tu, sup (kurudia mtihani) ni sup na disko (kufukuzwa kwa kufeli) ni disko. Kuanzia mwaka wa tatu ndo unatoka kwenye kiti unaenda kusimama pembeni ya kitanda cha mtu anayeumwa, na wagonjwa utakaowaona humo ndo watakufundisha kuliko slaidi zote. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa jiulize, kwenye wodi hizi mbili analazwa nani?

Bugando inapokea Kanda ya Ziwa nzima, Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga, ina vitanda zaidi ya 900. Huko utaona kichocho cha ukweli, sio cha kwenye picha, maana watu wanaishi na ziwa, wanavua, wanafua, watoto wanaogelea. Utaona malaria kali ya watoto, utaona watoto wa sikoseli wengi mno, utaona uvimbe wa taya wa Burkitt, saratani ya watoto. Ukitoka hapo ukaambiwa kuna mtoto kapauka hana damu, mikono yako inajua ianzie wapi.

KCMC inapokea Kilimanjaro, Arusha, Tanga, Manyara, vitanda zaidi ya 600. Malaria ni chache zaidi kwa hiyo homa inakulazimisha ufikiri, maana kuna wafugaji wengi na magonjwa ya kutoka kwa mifugo, brusela na wenzake, ukimwandikia kila mwenye homa dawa ya malaria utaumbuka. Utaona wazee wa presha na kisukari, saratani ya koo la chakula, ajali za barabara kuu na bodaboda. Pale pale ndani ya eneo la hospitali kuna kituo cha magonjwa ya ngozi cha kanda tangu 1992, ambacho watu wenye ualbino wanatibiwa na kutengenezewa losheni ya kuzuia jua, na kuna chuo cha viungo bandia, TATCOT, tangu 1981. Kama moyo wako uko kwenye ngozi au mifupa, hilo ni jambo la kulipima kwa uzito wake.

Kuna kitu kingine hakisemwi kabisa na mimi ndo nakiona kikubwa. Lugha. Utasema Tanzania nzima tunaongea Kiswahili, sawa, ila subiri uingie wodini. Nikiwa mgeni kanda ya ziwa nilipewa bibi mmoja kutoka huko ndani Magu, tumbo limejaa, kakonda. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu kizuri, bibi tatizo lilianza lini, akaongea kama dakika mbili nzima, anaonyesha tumbo upande wa kushoto, anaonyesha mdomo, anatikisa kichwa, mjukuu wake akanitafsiria, anasema tumbo linauma. Dakika mbili zimekuwa maneno matatu! Akapita nesi mmoja mama mtu mzima, akainama, akamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, bibi uso ukafunguka, wakaongea, nesi akageuka akaniambia daktari huyu ametapika damu mara mbili mwaka jana, beseni zima, alienda kwa mganga. Nikamshika tumbo upya, bandama imefika karibu na kitovu. Ile damu ndo ilikuwa historia yote, kichocho kilishaharibu ini kitambo, na mimi ningeandika kwenye faili maumivu ya tumbo.

Kwa hiyo kama unaongea Kisukuma, Kijita, Kihaya, una kitu mkononi ambacho wenzako watakitafuta miaka mitano. Na kama unaongea Kichaga, Kipare, Kimeru au Kimaasai, vivyo hivyo kwa Moshi. Kama huongei chochote kati ya hivyo, hata usiogope, chagua tu lugha utakayokuwa tayari kujifunza, salamu na maswali ishirini ya mgonjwa yanatosha kuanzia.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta wanafunzi watatu kila chuo, wa mwaka wa tatu mpaka wa tano, sio wa kwanza, wa kwanza bado anapiga picha na koti jeupe. Utawapata kupitia shule uliyosoma, kanisani, msikitini, magrupu ya WhatsApp ya mkoa wenu. Usiwaulize chuo chenu kizuri? Kila mtu atakwambia kizuri. Waulize hivi: jana kwenye raundi mlikuwa wangapi kitanda kimoja? Anatomia mlikuwa wangapi meza moja ya maiti? Mwezi huu umetoa damu mgonjwa mara ngapi kwa mkono wako, umeshika mtoto anayezaliwa mara ngapi? Spesho, yaani daktari bingwa, anawauliza maswali au anapita tu? Logibuku, kile kitabu cha kuandika kazi ulizofanya wodini, inasainiwa lini, siku ile ile au siku ya mwisho wa rotesheni, yaani zamu yenu kwenye idara ile? Mnapelekwa hospitali ya mkoa pia, Sekou Toure kwa Mwanza na Mawenzi kwa Moshi, au mnabaki rufaa tu? Hilo la mwisho usilidharau, rufaa anafika mgonjwa aliyeshindikana, hospitali ya mkoa ndo unaona magonjwa ya kila siku ambayo ukiwa daktari wa wilaya yatakuwa mkate wako.

Andika majibu kwenye karatasi. Idadi ya watu kitanda kimoja inabadilika kila mwaka kutokana na chuo kimechukua wangapi, ndo maana sikuandikii namba hapa, ya miaka yangu haikusaidii wewe.

Kama nauli ipo, nenda. Siku moja tu. Fika getini asubuhi kabla ya saa moja, kaa mahali uangalie wanafunzi wanavyoingia, wanatoka wapi, wanatembea au wanashuka daladala. Mimi mwaka wa tatu nilipanga gheto zuri sana, vigae, choo ndani, bei poa, dalali akachukua cha kwake na mwenye nyumba kodi ya miezi sita, kumbe njia ya kurudi usiku haina taa hata moja na mvua ikinyesha inageuka mfereji. Zamu za usiku zilipoanza nikawa nalala kwenye kiti hospitalini naogopa kurudi. Miezi sita. Chumba kiangalie saa tatu usiku, sio saa sita mchana!

Bugando iko juu ya kilima katikati ya mji, ukishuka tu uko mjini, soko, vyakula, daladala za kila upande, ila kupanda na mabegi utapanda, na nyumba nyingi za Mwanza ziko juu ya mawe, ulizia maji yanafika siku ngapi kwa wiki. KCMC iko nje kidogo ya Moshi mjini, kumetulia, miti mingi, wanafunzi wengi wanapanga Longuo na Rau, wanatembea kwa miguu. Kuna wanaopenda utulivu huo na kuna wanaokonda kwa upweke, hapo ujijue mwenyewe. Kwa chakula sina wasiwasi, Mwanza sato na dagaa, Moshi mtori na ndizi nyama.

Hela. Hapa kaa na mzazi na kalkuleta. Bodi ya Mikopo inalipa ada kwa kiwango chake, na hivi vyuo vyote sio vya serikali kwa hiyo uwezekano wa kubaki na pengo la kulipa wenyewe ni mkubwa. Chukua mchanganuo wa ada wa kila chuo wa mwaka huu, usiangalie ada tupu, jumlisha mtihani, hosteli, bima, usajili, vifaa, kila mstari. Halafu zidisha kwa tano. Hela ya kula na malazi ya Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, na boom, yaani hiyo hela ya Bodi, haliji kila siku, linakuja kwa mkupuo na mara nyingine linachelewa, kwa hiyo jiulize ni mji gani una mtu anayeweza kukukopesha unga wiki mbili. Hapo shangazi wa Moshi anaingia kwenye hesabu kihalali kabisa, ila muulizeni shangazi kwanza, sio mnampangia mgeni wa miaka mitano bila yeye kujua.

Na nauli. Kutoka Dar, Moshi ni kama kilomita 560, Mwanza ni zaidi ya 1,100, unalala njiani. Ila kama kwenu ni Geita au Sengerema, tangu Juni 2025 Daraja la JP Magufuli pale Kigongo–Busisi limefunguka, ule mstari wa kusubiri kivuko umekwisha, Bugando imekuwa jirani. Bukoba kuna meli na kuna barabara. Wa Tanga, Same, Babati, Moshi ni nyumbani. Ukaribu una faida kubwa siku ukiumwa na siku ada imepelea, ila una hasara pia, kila msiba na kila harusi utaitwa, na mwaka wa tatu hauna nafasi ya hayo. Kaeni na wazazi mkubaliane mapema.

Nikirudi kwa mdogo wangu, alipiga simu zake sita, akaniletea karatasi. Anaongea Kisukuma cha bibi yake, anataka watoto, yaani udaktari wa watoto, na hesabu ya hela ilikuwa inakaribiana. Kathibitisha Mwanza. Rafiki yake wa shule moja, matokeo yanafanana, kathibitisha Moshi kwa sababu kaka yake ana ualbino na anataka kusomea ngozi. Wote wawili sikuwa na la kuwapinga.

Ukishathibitisha piga skrinshoti ya ukurasa unaoonyesha umethibitisha, uihifadhi kwenye imeili. Pakua joining, yaani maelekezo ya kujiunga na chuo, fomu ya vipimo vya afya kaijaze hospitali ya serikali mapema. Chumba kianze kutafutwa wiki mbili kabla ya kuripoti, na mtu wa kukuangalizia awe mwanafunzi, sio dalali. Kama ni Mwanza nunua viatu vya kupandia kilima, kama ni Moshi tia sweta kwenye begi, Juni na Julai utaniita dada.