Hummus ya nyumbani kwa mlio nje: vipimo vya dengu, tahini na ndimu

Juzi usiku mtoto wa dadangu alioko London alinitumia voisi, "Khalati, hummus yangu imekuwa kama mchanga, nimesaga mpaka blenda ikashika moto na bado." Nkamuuliza umetia tahini kiasi gani, akasema kijiko kimoja cha chai, manake chupa yake ni ghali na yeye alidhani ni kiungo tu kama bizari. Hapo hapo nkajua shida iko wapi. Na si yeye wa kwanza kuniuliza, kuna mwengine Doha na mwengine Minneapolis, wote na malalamiko ya namna moja, kwa hivo nimekaa hapa kwangu Kibokoni, Mombasa, niandike yote pahala pamoja.

Anza na jina lenyewe. Hummus kwa Kiarabu ni dengu, basi, na jina kamili la hiki chakula cha kuchovyea ni hummus bi tahina, yaani dengu kwa tahini. Tahini ni simsim (ufuta) iliyosagwa mpaka ikatoa mafuta yake ikawa laini inamwagika. Sasa we fikiria mbaazi za nazi, kuna mtu wa Mombasa atakaepika mbaazi za nazi kwa kijiko kimoja cha tui? Hawezi, itakuwa ni mbaazi za kuchemsha tu. Na hummus ni hivo hivo, simsim ndio tui lake, ndio inayoleta ule ulaini na ile ladha, ukiibania umepata dengu za kuponda na hata ukisaga saa nzima hazitalainika.

Kipimo changu ni hiki na nakisimamia: kwa uzani, mafungu mawili ya dengu zilizoiva na kuchujwa, fungu moja la tahini. Mkebe wa kawaida wa gramu 400 ukishamwaga maji wabaki na dengu kama gramu 240, kwa hivo tahini ni gramu 120, ambayo ni kama nusu kikombe cha kupimia, au vijiko vikubwa vinane. Juu ya hapo maji ya ndimu au limau vijiko vikubwa vitatu, thomu (kitunguu saumu) punje moja, chumvi nusu kijiko cha chai kisha uonje, bizari nyembamba robo kijiko cha chai, na maji ya barafu vijiko vikubwa vitatu mpaka vinne. Ukiwa mkono hauko vizuri mwezi huo teremsha tahini hadi gramu 80, yaani vijiko vikubwa vitano na kidogo, bado utakula kitu kizuri, lakini usishuke chini ya hapo.

Haya sasa dengu, na hapa lazima tuelewane manake majina yetu yanatuchanganya wenyewe. Dengu ninazosema ni zile za rangi ya maziwa, za duara zenye kijidomo, ndizo zilizomo kwenye chana bateta. Si zile ndengu za kijani za watu wa bara, zile sisi twaziita pojo na Watanzania choroko. Na si adesi. Nasema hivi kwa sababu nilishapigiwa simu na mtu kachemsha pojo kilo nzima. Ukienda duka la Wahindi huko tafuta kabuli chana, usichukue kala chana ambazo ni ndogo nyeusi na ngozi yake ngumu, wala chana dal ambazo ni za kupasuliwa. Uingereza na Kanada mkebe umeandikwa chickpeas, Marekani mara nyingi wataandika garbanzo, Ujerumani ni Kichererbsen, Uholanzi kikkererwten, Sweden kikärtor, Ufaransa pois chiches. Walioko Ghuba hawana shida, ni hummus tu zi kavu kwenye magunia.

Mkebe ama kavu? Kavu ni bora na ni rahisi zaidi kwa mfuko, mimi sibishani na mtu anaefanya kazi zamu mbili akafungua mkebe, ila mkebe usiusage vile ulivyo. Zimwage, zioshe, zitie sufuriani na maji mapya na nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia, ile bicarbonate, zichemke dakika kumi na tano mpaka ishirini, utaona ngozi zinaelea juu, ziokote utupe, uzisuuze na uzichuje vizuri. Ule mchanga aliolalamika mwanangu wa London nusu yake ni tahini kidogo na nusu yake ni hizi ngozi.

Kavu, chukua gramu 250, zioshe, ziloweke usiku kucha kwa maji mengi, mara tatu yake, manake zitafura, na tia soda kijiko kimoja cha chai. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, soda nusu kijiko, bandika. Povu likija juu lipakue. Saa zingine zaiva kwa nusu saa, saa zingine saa moja na nusu, yategemea zimekaa dukani muda gani, kwa hivo usitazame saa, chukua punje moja uifinye kwa vidole viwili, ikipondeka yote bila kiini kigumu ziko tayari, na hata zikipitiliza kidogo hapana neno, kwa hummus dengu iliyoiva kupita kiasi ni nzuri kuliko iliyo ngumu. Ukichuja utapata kama gramu 550 na kitu, kwa hivo vipimo vyote vya juu wazidisha mara mbili na zaidi kidogo: tahini gramu 275, ndimu vijiko vikubwa saba, thomu punje mbili kubwa au tatu ndogo. Weka kikombe kimoja cha maji yaliyopikia, usiyamwage yote.

Soda ni ya nini? Hapa wa Mombasa ataelewa haraka. Si mwajua mtu akipika kunde ama maharagwe kwa maji ya chumvi ya kisima, makaa yanakwisha na kunde bado zagonga kama changarawe? Yale maji yana madini mengi, kalsiamu na wenzake, yanashikilia ngozi ya dengu isilainike, na ndio mama zetu walikuwa wakitia magadi. Basi maji ya bomba ya London ni ya namna hiyo, mazito kwa chokaa, tazama birika lako ndani lilivyofanya ukoko mweupe. Soda yazivunja zile ngozi. Lakini kwa kipimo, ukizidisha chakula kitanuka sabuni na hakuna ndimu itakayokuokoa. Na iwe soda tupu, ile Wajerumani waiita Natron, sio beking pauda ya keki, vitu viwili tofauti.

Tahini sasa. Nenda duka la Waarabu, Waturuki au Wagiriki, huko huwa nzuri na bei yake ina afadhali kuliko kwenye supamaketi kubwa. Tazama maandishi nyuma, kitu kiwe ni simsim peke yake, hakuna sukari hakuna mafuta mengine. Ukiifungua utakuta mafuta yamepanda juu na chini imeganda, usimwage yale mafuta wallahi, koroga kwa kisu kirefu mpaka chini kabisa irudi kuwa kitu kimoja. Onja kijiko kabla hujatia: tahini ina uchungu mdogo wa asili huo hauna neno, lakini ikikukwaruza koo ama ikinuka mafuta ya zamani, hiyo imeharibika, hummus yote itakuwa chungu. Mimi nilipokuwa nje mwaka wangu wa kwanza nilimwaga bakuli zima kwa sababu hiyo na nilikuwa na wageni sebuleni, tangu siku ile naonja kwanza.

Mahali ambapo tahini haipatikani tengeneza, ni simsim tu. Chukua ile nyeupe iliyotolewa ganda, gramu 150, ikaange kavu kwa moto mdogo huku wakoroga, ikianza kunukia na kubadilika rangi kidogo tu epua hapo hapo uimwage kwenye sinia ipoe, manake kwenye sufuria itaendelea kuungua. Mtu aliyewahi kufanya kashata za simsim aijua hiyo harufu. Saga na mafuta ya kupikia yasiyo na harufu vijiko vikubwa vitatu au vinne, saga, simamisha, kwangua kando, saga tena, mpaka itiririke. Simsim yenye ganda yaleta rangi ya udongo na uchungu, usiitumie hapa.

Ndimu, mimi hapa nachukua za Marikiti zile ndogo za kijani na napenda ukali wake, ila kule kwao Sham, yaani Lebanon na Syria, ni limau la manjano na huko mliko ndilo rahisi kupata. Limau moja la wastani latoa vijiko vikubwa vitatu, ndimu moja ndogo ni pungufu ya hapo. Kamua mwenyewe, yale maji ya ndimu ya chupa yana ladha ya dawa. Thomu usizidishe, ni mbichi, na kesho yake yazidi kuwa kali ndani ya friji. Bizari nyembamba, ile ya pilau, ikaange kidogo kavu ndio usage. Na hapa walioko Ujerumani na Sweden wasikize: kule Kümmel na kummin sio bizari yetu, ni kitu chengine kabisa chenye harufu ya mkate wao, yenu nyinyi ni Kreuzkümmel kwa Mjerumani na spiskummin kwa Msweden, ama ingia duka la Wahindi useme jeera umalize maneno.

Namna ya kusaga ina utaratibu wake na utaratibu huo ndio watu wanaruka. Parua thomu ndani ya maji ya ndimu, tia chumvi, wacha dakika kumi. Ukali wa ndimu wautuliza ule ukali wa thomu, utaila na usinuke mdomo mpaka kazini. Kisha tia tahini peke yake na hayo maji ya ndimu kwenye mashine, saga. Itaganda, itakuwa nzito kama udongo wa kufinyanga na utaona kama umeiharibu, usiogope, simsim hufanya hivo ikikutana na maji kidogo. Tia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja huku mashine yaenda, ghafla italainika na kuwa nyeupe kama malai. Hapo ndipo tia dengu na bizari, dengu zikiwa na uvuguvugu zasagika vizuri zaidi, na uache mashine iende dakika nne tano kamili, sio sekunde thelathini. Blenda ndefu ya juisi itasumbua, isimamishe ukwangue mara kwa mara na uongeze yale maji ya kupikia uliyoyaweka, bora ni ile mashine yenye bakuli pana na kisu chini, na asiekuwa na lolote kati ya hizo kinu na mchi vyafanya kazi, itakuwa na chembechembe lakini tamu.

Isimamishe ikiwa laini zaidi ya unavyotaka kuila, kama uji mzito, manake ikipoa yakaza. Wacha nusu saa ndio uonje mara ya mwisho. Ikikosa uhai mara nyingi ni chumvi sio ndimu, ongeza chumvi punje chache kwanza. Ikiwa kali sana ongeza tahini kijiko. Ikiwa nzito, maji ya barafu. Mafuta ya zeituni mimi sitii ndani, yaenda juu wakati wa kuandaa, tandaza kwenye sahani, fanya shimo kwa mgongo wa kijiko, mwagia, nyunyizia pilipili nyekundu ya unga au bizari kidogo.

Ya kuchovyea? Watu huko hula na pita na vijiti vya karoti, sawa, lakini jaribu na mkate wa mofa ukiupata, ama chapati ya jana iliyopashwa ikakauka kando, na zaidi ya yote muhogo wa kukaanga, mhogo wa friza wa maduka ya Waafrika wafaa kabisa, uchemshe kwanza ndio uukaange, utie pilipili na ndimu kama wa Lighthouse pale Mombasa, halafu uchovye. Mimi hapo sitaki nyama.

Kwenye friji yakaa siku tatu nne ikiwa imefunikwa, na kwenye friza mwezi mmoja haina neno, ikiyeyuka itoe maji uikoroge na kijiko cha tahini. Nje ya friji isizidi saa mbili, hii si achari. Na mkiibeba kwenda kwenye futari ya msikitini, shule ya watoto au kazini, fahamuni kuna watu simsim yawadhuru vibaya mno, mpaka kukosa pumzi, ndio maana Uingereza imo kwenye vile vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe, na Marekani tangu tarehe 1 Januari 2023 nayo lazima iandikwe kwenye pakiti. Kwa hivo bandika karatasi juu ya bakuli, andika kubwa kuna simsim, na watoto wa watu waulize wazazi wao kabla hawajachovya.